Magofu Yana Wenyewe

Mgeni aliweka kiganja ukutani, ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, akainua macho kwenye kuba, kisha akaniuliza: "Hivi, nani hasa alijenga hapa?"

"Watu wa hapa," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Lakini macho yake yalikwenda nje, ambako mama mmoja alikuwa akipita na ndoo ya maji kichwani, akielekea kwenye nyumba ya miti iliyokandikwa udongo na kuezekwa makuti. Akamtazama yule mama. Akatazama kuba. Akamtazama tena. Hakusema kitu, na ni mtu mwema, sina shaka naye hata kidogo. Ila niliona jinsi vitu vile viwili vilivyokataa kuungana machoni pake.

Wiki kadhaa zimepita na jambo hilo haliniachi.

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa, naishi Dar es Salaam, na akija mgeni anayetaka kuona nchi yenye historia, mara nyingi huletwa kwangu. Njia ni ile ile: kuvuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, kushuka hadi Kilwa Masoko, kuchukua kibali, kupanda mashua. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Ugumu unaanza pale ninapotakiwa kufungua mdomo na kusema: hapa ndipo kwetu.

## Mashahidi wa kuazima

Wenyeji tuna namna yetu ya kuitambulisha Kilwa, na karibu wote tunaanzia mahali pamoja. Tunasema msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika mwaka 1331 na akaiweka katika miji mizuri aliyoiona. Tunasema UNESCO iliingiza magofu ya Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Tunasema Mreno Vasco da Gama alikuja mwaka 1502 kudai kodi, na mwaka 1505 Mreno mwenzake Francisco de Almeida akaja na meli zake, akaupora mji, akajenga ngome. Tunamalizia na vyombo vya kaure kutoka China.

Yote ni kweli. Lakini hebu usikilize mpangilio wake.

Kila shahidi ametoka nje. Aliyeusifu mji ni mgeni, aliyeuorodhesha ni mgeni, na hata utajiri wake tunauthibitisha kwa mtu aliyekuja kuuiba.

Nimejiuliza kwa nini tunafanya hivyo, na nadhani ni hofu. Tunahisi mgeni amekuja na shaka yake moyoni, nasi tunakimbilia kuijibu kabla hajaitamka. Tunamletea majina anayoyajua yeye, ili atuamini. Matokeo yake anaondoka akiwajua vizuri wote waliopita Kilwa, na hamjui hata mmoja wa waliokaa.

## Miti na makuti

Nilirudi kusoma alichoandika Ibn Battuta, maana ndiye tunayemtanguliza kila siku. Katika tafsiri inayosomwa na wengi, anasema mji umejengwa vizuri, nyumba zake ni za miti, na mapaa yake ni ya nyasi.

Miti. Nyasi.

Wataalamu wamebishana kuhusu maneno hayo, kwa sababu Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwa umeshasimama: sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11, na wakati Ibn Battuta anafika, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alikuwa ama ameupanua ama yumo kwenye kuupanua. Mimi sioni haja ya kulilazimisha jambo hilo lifanane na magofu. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kisiwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuta mabaki ya nyumba za miti na udongo tangu tabaka za chini kabisa, muda mrefu kabla ya jumba la kwanza la mawe. Na mawe yalipokuja hayakuondoa udongo. Misikiti, makaburi, nyumba za wafanyabiashara wakubwa na za masultani, hayo yalikuwa ya mawe. Watu wengi wa mji waliendelea kuishi kwenye nyumba za miti iliyokandikwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea pale msikitini. Mgeni alikuwa akifikiri kwamba mji wa mawe umekufa na watu wa udongo wakaja baadaye kuweka makao juu ya kaburi lake. Wageni wengi hufikiri hivyo, na si wageni tu. Nimewasikia Watanzania wa mbali na pwani wakisema maneno ya namna hiyo. Kumbe nyumba ya yule mama ndiyo ya zamani zaidi. Si ile yenyewe, maana nyumba ya udongo haidumu miaka mingi, bali ule ujuzi wake: miti ya kusimama, fito za kulala, kamba, udongo uliokanyagwa kwa miguu, makuti juu. Huo ulikuwepo Kisiwani kabla ya kuba, ulikuwepo wakati wa kuba, na bado upo.

Magofu ni ya wachache waliokuwa na uwezo. Udongo ni wa mji mzima. Tumekuwa tukimwonyesha mgeni cha wachache, tukikivuka cha wengi bila hata kukitazama.

## Jiwe linapotoka majini

Sisemi mawe hayana maana. Nayapenda mno. Ninachosema ni kwamba tunayaonyesha yakiwa yamekauka, na jiwe la Kilwa linaanza likiwa limelowa.

Kuna tumbawe la aina mbili. Lile la nchi kavu, gumu na lenye matundu, ndilo la kuta. Lile la pili hutolewa baharini likiwa hai, na likiwa bado bichi hukatika kwa tezo karibu kama mti. Ndilo walilochongea mihrabu, fremu za milango na mapambo yote yanayohitaji mstari mwembamba. Likishakaa juani likakauka, linakuwa gumu na halibadiliki tena. Fundi alikuwa na muda maalumu. Akichelewa, jiwe limeshamkataa.

Halafu kuna chokaa. Kuni zinapangwa kwa duara, nyingi, juu yake vinarundikwa vipande vya tumbawe, kisha moto unawashwa katikati. Unawaka mpaka kuni ziishe na jiwe ligeuke jeupe. Likimwagiwa maji au likinyeshewa linapasuka na kuwa unga. Wajenzi wa zamani waliiacha chokaa ikae muda mrefu kabla ya kuichanganya na mchanga, kwa sababu chokaa iliyoharakishwa inapasuka ukutani.

Na kuna boriti za mikoko. Ukiingia kwenye nyumba ya kale ya pwani, iwe Kilwa, Songo Mnara au Lamu, utaona vyumba ni virefu na vyembamba. Si mapenzi tu ya mwenye nyumba. Boriti ndiyo inayoamua: urefu wa mti wa mkoko unaofaa kubeba dari la mawe hauzidi mita 3 hivi, basi na chumba hakizidi hapo. Mikoko iliyopo kwenye hori, ukiipita na mashua unapokuja, ndiyo iliyochora ramani ya vyumba vya matajiri.

Ndiyo maana kuba na matao ya Msikiti Mkuu ni jambo zito. Pale mafundi waliamua kuikataa boriti. Walitaka nafasi pana kuliko mti unavyoruhusu, wakamimina chokaa na mawe kuwa matao. Paa la upanuzi wa karne ya 14 lilianguka, msikiti ukakaa ukiwa umebomoka, na katika karne ya 15 ukajengwa upya kwa nguzo nyingine. Nguzo unazoziona leo ni za watu waliokwisha kuona paa likishuka, na wakapandisha jingine.

Mgeni anayeambiwa hayo hahitaji kuuliza kama mikono ilitoka hapa. Anaiona ilikotoka: baharini, kwenye mikoko, kwenye tanuri.

Ujuzi huo nusura upotee. Mwaka 2004 magofu haya yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, mawimbi yakiila pwani, kuta zikidondoka na miti ikiota katikati ya mawe. Yalitolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kuta za pwani kuimarishwa, mikoko kupandwa na majengo kukarabatiwa. Wanakijiji walifundishwa na kushiriki kazi hiyo, na waliifanya kwa chokaa, si saruji. Saruji inaziba unyevu ndani ya ukuta wa tumbawe na kuuozesha polepole. Mgeni anayetaka kujua nani anajua kujenga Kilwa anaweza kuonyeshwa watu walio hai.

## Kitambaa kuzunguka kisiwa

Swali la "nani" lina upande mwingine, na huo umenisumbua zaidi.

Wazee wa Kisiwani wana kisa chao. Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shirazi, akamkuta mfalme mwenyeji, akataka kukinunua kisiwa. Bei ilikuwa kitambaa cha kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Kitambaa kikatandazwa, mfalme akavuka kwenda bara, na alipotaka kurudi kwa vita akakuta mkondo umechimbwa, hauvukiki tena kwa miguu maji yakitoka. Kisa hiki kimeandikwa katika Tarehe ya Kilwa, kitabu cha historia ya mji cha karne ya 16, na kwa namna nyingine kidogo na mwandishi Mreno João de Barros.

Kwa muda mrefu sikupenda kukisimulia mbele ya wageni. Nilikiona kinawapa wanachokitaka: kumbe waanzilishi walitoka Uajemi, hadithi imekwisha. Kizazi changu kilisomeshwa jibu la upande wa pili, nalo lina ushahidi. Kilwa ilikuwa na watu tangu karibu karne ya 9, wavuvi na wafua chuma, wenye vyungu vya namna ile ile ya vile vya bara. Hakuna mji ulioshuka kutoka merikebuni ukiwa kamili.

Kisha mwaka 2023 ukachapishwa katika jarida la Nature utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Ulionyesha kuwa kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, na hiyo imepitia hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Asia, zaidi ya Uajemi, na hiyo imepitia kwa wanaume. Mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000.

Niliposoma hayo nilisimama kwanza.

Wazee hawakuwa wakijitungia. Wanaakiolojia nao hawakukosea. Baba mmoja alikuja na upepo wa kaskazi, akaoa. Na alipooa aliingia kwenye mji wa mama. Mtoto akazungumza lugha ya mama, akasali sala ya baba, akachukua jina la ukoo wa baba kwa sababu ndilo lililofungua milango ya biashara. Katika pwani yetu hiyo ni habari ya familia, hakuna anayeishangaa.

Hata Tarehe yenyewe, ukiisoma kwa makini, inasema wale waliofika walimkuta Mwislamu na msikiti kisiwani. Kisa kinachodaiwa kuwa cha waanzilishi kinakiri kwamba kulikuwa na watu, na sala, kabla yao.

Siku hizi nakisimulia chote, kitambaa na mkondo na vyote, na namwachia mzee wa Kisiwani akimalizie kama yupo, maana yeye anajua pa kunyamaza na pa kucheka.

## Zawadi ya Sultani

Kuna kisa cha Ibn Battuta tunachokipenda sana. Sultani al-Hasan aliitwa Abu al-Mawahib, mwenye zawadi, kwa ukarimu wake. Siku moja akitoka kwenye sala ya Ijumaa, fakiri wa Yemeni akamwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani akarudi msikitini, akavua, akavaa nyingine, akampa. Watu wakafurahi mno.

Wengi huishia hapo. Kisa hakijaishia hapo. Mtoto wa Sultani alizikomboa zile nguo kwa fakiri kwa kumpa watumwa 10. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Watu 20, kwa nguo za siku moja.

Hii ndiyo sehemu ya nchi yangu ninayoona ugumu kuifungulia mlango. Ukitoka Msikiti Mkuu unafika Makutani, jumba la masultani wa karne ya 18 lenye kuta nene zinazoteremka kuelekea baharini. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa, ikiwemo Mauritius ya leo. Karne iliyofuata biashara hiyo ilihamia ng'ambo, Kilwa Kivinje, ikawa kubwa zaidi.

Nilihofu mambo mawili. La kwanza, kwamba mgeni akishasikia habari ya watumwa hatakumbuka kingine chochote. Kuba, boriti na chokaa vyote vitamezwa. La pili lilikuwa zito zaidi: pale tunaposimama kuna watu wanasikia. Wengine ni wajukuu wa waliouza, wengine wa waliouzwa, na wengine ni vyote viwili.

Nilimuuliza mzee mmoja wa Kisiwani, mtu ninayemwamkia tangu utoto wangu.

"Sema," akaniambia. "Mbona sisi tunajua? Ila ukisema, mwanangu, usimtaje muuzaji ukamwacha mnunuzi. Na usiwaache wale waliochukuliwa bila kuwaeleza walikotoka."

Walitoka bara: Wayao, Wangindo, Wamakua, na wengine hadi Ziwa Nyasa. Nimeanza kusema hivyo pale pale Makutani, kwa sauti ya kawaida, bila kuteremsha macho. Wageni hawakusahau kuba. Nilichokiona ni kwamba waliniamini zaidi katika yale mengine yote.

## "Mbona hawatusalimu?"

Bibi mmoja ambaye nyumba yake iko njiani, karibu na makaburi ya Malindi ya hapo hapo Kisiwani, alinisimamisha siku moja nikiwa peke yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hao wageni wenu, mbona wanapita hawatusalimu?"

Nikamwambia labda hawajui, labda wana haraka na mashua.

"Si wanakuja kwetu? Wakiingia kwa watu si wanabisha hodi?"

Sikuwa na jibu. Njia ya watalii imepangwa hivyo: mashua inatia nanga chini ya ngome, wageni wanapanda kwenye msikiti, wanazunguka, wanashuka. Kijiji ni kitu cha kukatiza katikati ya gofu na gofu. Watoto wakikimbilia wageni wanaambiwa waondoke. Maduka mawili matatu yanapitwa. Tunasema tunaitambulisha nchi, na wenye nchi hatujawatambulisha.

Kwa upande wa wakazi, yale si magofu kwa maana wanayoijua wageni. Kuna makaburi ambako watu bado wanaomba dua na kuacha ubani. Kuna visima vya kale ambavyo watu wamevitumia vizazi kwa vizazi. Mvua kubwa ikinyesha, ardhi hutoa vipande vya vyungu, shanga, mara nyingine sarafu ndogo ya shaba, pana kama ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja ina jina la Sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, yaliyopangwa yawe na vina na jina lile. Mtu aliketi akatunga shairi la mistari miwili, akaligonga kwenye pesa za kununulia samaki. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana hadi Great Zimbabwe, kwenye njia ya dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala. Kilwa, watoto walizijua sarafu hizo kabla ya jumba lolote la makumbusho.

## Siku mbili

Kuna wageni wanakuja mwezi ujao, na nimebadilisha mpango wao wote. Wameshanilalamikia kidogo, kwa sababu walikuwa wametenga siku moja tu ya Kilwa kabla ya kuendelea safari yao. Nimewaambia siku moja haitoshi, na sitawapeleka kwa siku moja.

Siku ya kwanza hatugusi jumba lolote. Tunavuka asubuhi na kwenda kijijini, tunapiga hodi, tunakaa barazani. Bibi nimeshamwambia. Mchana tunakula huko huko kwa malipo yaliyokubaliwa na mama wanaopika, samaki na wali, si vyakula vya kubeba kutoka Masoko. Jioni fundi mmoja aliyeshiriki ukarabati atawaonyesha chokaa, waishike, waone inavyochanganywa, na awaeleze kwa nini alikataa mfuko wa saruji alioletewa. Nimemwomba mwanawe awe mkalimani, kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayetaka kazi ya kuongoza wageni.

Siku ya pili ndiyo ya mawe. Msikiti Mkuu kwanza, kisha Makutani, na kule nitawaambia ya mwaka 1776. Husuni Kubwa, jumba la mawe lililo jabalini, tunaiacha baada ya hayo. Inabidi tuangalie maji, kwa kuwa yakitoka mashua inakwama kwenye mikoko na watu watembee kwenye tope, na ile ngazi inachosha. Ila nataka wafike huko wakiwa wameshajua boriti ina urefu gani. Vyumba zaidi ya 100, birika la pembe nane ukingoni mwa jabali, jumba ambalo halikukamilika hadi leo. Nataka wasimame pale wahesabu wenyewe ni mikoko mingapi, kuni ngapi, watu wangapi.

Ngome itakuwa ya mwisho kabisa, tukishuka kwenye mashua. Dakika kumi zinaitosha.